Kipepeo Mgeni na Daftari Tusilokuwa Nalo

Tarehe 28 Oktoba 2013, kwenye ufuko mmoja wa Guyana ya Kifaransa, kaskazini-mashariki mwa Amerika ya Kusini, mtafiti Gerard Talavera wa Taasisi ya Botania ya Barcelona aliwakuta vipepeo wapatao kumi wametua mchangani. Mabawa yao yalikuwa yamechakaa na kutobokatoboka kama nguo ya msafiri aliyelala njiani siku nyingi. Mpita njia mwingine angewaona ni vipepeo tu, akaenda zake. Talavera aliwatambua kuwa ni Vanessa cardui, kipepeo anayepatikana Ulaya, Afrika, Asia na Amerika ya Kaskazini, lakini ambaye sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini haimjui. Kwa mujibu wa kila kitabu, hapakuwa mahali pao.

Uchunguzi wa kujua walikotoka ulichukua zaidi ya miaka kumi, na matokeo yake yalichapishwa Juni 2024 katika jarida la Nature Communications. Watafiti walianza na upepo: wakakuta kwamba katika siku zilizotangulia, hewa ilikuwa ikivuma kutoka Afrika Magharibi kuelekea kwenye ufuko ule. Wakapima vinasaba, wakaona kwamba vipepeo hao ni ndugu wa wale wa Ulaya na Afrika, wala si wa Amerika ya Kaskazini ambao wangekuwa majirani wa karibu zaidi. Wakachunguza chembe za chavua zilizokuwa zimeng'ang'ania miilini mwao, na humo wakakuta chavua ya mimea ya nchi kavu za Afrika, mmojawapo ukiwa Ziziphus spina-christi, ndugu wa mkunazi tunaoufahamu sisi. Mwisho wakapima isotopu za hidrojeni na strontiamu zilizomo katika mabawa, ambazo hubeba alama ya mahali kiwavi alipolia majani kabla hajawa kipepeo. Alama hiyo iliashiria kwamba huenda walizaliwa Ulaya Magharibi, wakashuka Afrika, kisha wakavuka bahari. Kuvuka peke yake ni kilomita zisizopungua 4,200, safari iliyokadiriwa kuchukua siku tano hadi nane, na isingewezekana bila msaada wa upepo.

Magazeti ya dunia yaliishangilia safari hiyo, na ilistahili. Mimi nafundisha sera za umma, si elimu ya wadudu, na kilichonishika ni jambo jingine. Hebu tazama, ndugu msomaji, ni madaftari mangapi yalifunguliwa ili vipepeo kumi wapate kuulizwa kwao ni wapi. Ili vinasaba viwe na maana, ilibidi mtu awe amekwisha kukusanya sampuli za spishi hiyo katika mabara mengine. Ili chavua isomeke, ilibidi mtu mwingine, pengine miaka mingi kabla, awe ameukausha mmea wa Sahel, akaupa jina, akaandika siku na mahali. Ili upepo ufuatiliwe kurudi nyuma, ilibidi vituo vya hali ya hewa viwe vimepima na kuhifadhi vipimo vyao kila siku bila kujua vitamfaa nani. Liondoe daftari moja tu kati ya hayo, na wale kumi wanabaki kioja cha ufukoni, cha kusimuliwa jioni na kusahauliwa asubuhi.

Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwamba kipepeo akiingia ndani ya nyumba, mgeni yu njiani. Sina ugomvi na imani hiyo. Lakini wakati huohuo tulikuwa na njia nyingine, ya kiserikali zaidi, ya kumjua mgeni. Wasomaji wa umri wangu watamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Mtu akija kulala kwako, ulipaswa kumpeleka kwa balozi aandikishwe: jina, atokako, amekuja kwa nani, ataondoka lini. Utaratibu ule ulikuwa na sura yake ya upelelezi, na sitaki kuupamba. Hata hivyo ulikuwa na mantiki ambayo hakuna mwanasayansi atakayeikataa: balozi aliweza kusema “huyu ni mgeni” kwa sababu aliwajua wenyeji wake wote. Asiyewajua wenyeji hawezi kumtambua mgeni, na kwake kila sura ni sawa na nyingine.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniletea picha ya kipepeo aliyoipiga kwa simu uani kwao Muheza. Alikuwa kipepeo mkubwa, mweusi, mwenye utepe wa buluu inayong'aa. Bibi yake, aliyeishi hapo miaka yote, alisema hajawahi kumwona. Mwanafunzi akaniuliza: je, huyu ni wa mlimani, wa Amani, aliyeshuka? Ni dalili ya mabadiliko ya tabianchi?

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Nilimwambia kwamba kipepeo akionekana pasipo pake, maelezo yanaweza kuwa mengi. Huenda amepeperushwa na upepo, naye atakufa hapo bila kuacha kizazi. Huenda ni mwaka wa msafara, maana wapo vipepeo ambao kwa miaka kadhaa hawaonekani kwa wingi, kisha mvua zikinyesha vizuri wakahama kwa maelfu, kama wale weupe wa jamii ya Belenois tunaowaona wakivuka barabara wote wakielekea upande mmoja. Huenda kabebwa na binadamu, kwa kuwa vipepeo hufugwa, na mche wa maua ukihamishwa huweza kuhama na mayai yake. Huenda kweli makazi ya spishi nzima yanasogea kwa sababu ya joto au kwa sababu msitu umekatwa. Na huenda, jambo ambalo kwetu ndilo linalowezekana zaidi, kwamba kipepeo huyo hajatoka popote. Alikuwapo Muheza siku zote, isipokuwa hakuna aliyewahi kuja Muheza kumwandika.

Maelezo haya hayawezi kutenganishwa kwa picha moja, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Hutenganishwa kwa kulinganisha picha hiyo na kumbukumbu za miaka iliyopita. Na hapo ndipo nilipomwacha yule kijana na swali lake mkononi.

Wenzetu walipolijibu swali la namna hii, walilijibu kwa madaftari. Mwaka 1996 Camille Parmesan alichapisha utafiti kuhusu kipepeo wa Amerika ya Kaskazini anayeitwa Euphydryas editha. Alichukua kumbukumbu za zamani za mahali ambapo kipepeo huyo aliwahi kuonekana, akarudi katika maeneo 151, kuanzia Meksiko hadi Kanada, kuangalia kama bado yupo. Alikuta kwamba kutoweka kwa jamii za kipepeo huyo huko Meksiko, kusini na penye joto, kulikuwa mara nne zaidi ya Kanada. Hakuhitaji mtambo wa ajabu. Alihitaji viatu, muda, na watu waliomtangulia wakaandika tarehe na mahali. Miaka mitatu baadaye, yeye na wenzake walitazama spishi 35 za Ulaya zisizohama, wakakuta kwamba asilimia 63 zilikuwa zimesogea kaskazini kwa kilomita 35 hadi 240 katika karne ya ishirini, ilhali zilizosogea kusini zilikuwa asilimia 3 tu. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo ulioionyesha dunia kwamba ongezeko la joto halikuwa tena jambo la kukadiriwa katika vitabu, bali viumbe walikuwa wamekwisha kufunga mizigo.

Tujiulize kumbukumbu hizo za Ulaya zilitoka wapi. Nyingi hazikuandikwa na maprofesa. Ziliandikwa na makasisi wa vijijini, walimu, makarani wa posta na maofisa wastaafu, watu waliokuwa na wavu, kalamu na Jumapili mchana. Uingereza ilikwenda mbele zaidi. Katika miaka ya 1970 Ernie Pollard alibuni utaratibu rahisi mno: mtu anachagua njia yake, anaipita kila wiki kuanzia Aprili hadi Septemba, anahesabu kila kipepeo aliye ndani ya mita tano mbele yake, basi. Mwaka 1976 utaratibu huo ukawa mpango wa nchi nzima, na unaendelea hadi leo. Kwa hiyo, Mwingereza akimwona kipepeo asiye wa kawaida kando ya pwani ya Sussex, katika siku chache anaweza kuambiwa kama ni mpotevu wa upepo au ni mkazi mpya. Anajibiwa na karibu nusu karne ya kuhesabu.

Sasa turudi kwetu, na hapa naomba tusikimbilie kauli ile ya kwamba mambo haya hayakuwa yetu tangu awali. Amani ni karibu na Muheza, juu kidogo tu katika Usambara Mashariki. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya vita kikawa mikononi mwa Waingereza. Kati ya mwaka 1927 na 1929 alifanya kazi hapo mtaalamu wa wadudu C. B. Williams, na mwaka 1930 akatoa kitabu kuhusu uhamaji wa vipepeo ambacho kilikuwa msingi wa fani hiyo kwa miongo iliyofuata. Maana yake, mmoja wa watu waliolifanya swali la “kipepeo huyu anatoka wapi na anakwenda wapi” kuwa swali la sayansi, alikuwa akitazama mbingu za Usambara. Baadaye Jan Kielland alitoa kitabu chake kuhusu vipepeo wa Tanzania mwaka 1990, naye Torben Larsen akatoa cha Kenya mwaka 1991. Ni vitabu vikubwa, vya watu waliotembea sana. Ni vitabu pia ambavyo mwanafunzi wangu wa Muheza hawezi kuvinunua, wala hakuvikuta katika maktaba ya shule yake, na havimo katika lugha yake.

Vielelezo vyenyewe, yaani vipepeo waliochomwa pini na kuandikiwa vibandiko, vingi viko katika makumbusho ya London na Berlin. Kuna mjadala unaoendelea kuhusu kurudishwa kwa mali hizi, nami nauunga mkono. Lakini nitasema jambo ambalo baadhi ya wanaharakati rafiki zangu hawatalipenda. Droo zote za Berlin zikirudishwa kesho kutwa, zitatueleza nani alikuwapo Amani mwaka 1905. Hazitatueleza nani yupo leo. Daftari la jana lilichukuliwa na linaweza kudaiwa. La leo hatujalifungua, na kwa hilo hakuna wa kumdai isipokuwa sisi wenyewe.

Najua pingamizi linalokuja, kwa kuwa nimelisikia katika kumbi za mikutano likitolewa kwa sauti ya kuchoka: nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina nafasi ya kuhesabu vipepeo. Ni pingamizi lenye uzito wa huruma, na kwa sababu hiyo linastahili jibu la chakula, si la uzuri wa maumbile.

Mwezi Januari 2016, huko Nigeria, viwavi wasiojulikana walikutwa wakila mahindi. Walikuwa Spodoptera frugiperda, nondo wa Amerika, ambaye hadi wakati huo alikuwa hajawahi kuthibitishwa barani Afrika. Nondo ni ndugu wa kipepeo. Tofauti ya heshima tunayowapa ni ya kwetu sisi. Katika muda wa miaka miwili alikuwa amekwisha kuripotiwa karibu kila nchi kusini mwa Sahara. Kwetu aliingia mwaka 2017, akapewa jina la kiwavijeshi vamizi, na wakulima wa mahindi hawana haja ya kuelezwa na mhadhiri alichowafanyia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja jembe. Alipotambuliwa alikuwa na vizazi kadhaa shambani.

Linganisha mambo haya mawili. Vipepeo kumi wasio na madhara yoyote walitambuliwa siku waliyotua, kwa sababu alikuwapo ufukoni mtu mmoja aliyejua kwamba hawakupaswa kuwapo. Nondo anayekula chakula cha mamilioni alitambuliwa baada ya mahindi kuliwa. Sidai kwamba tungemwona nondo wa kwanza tungemzuia. Mdudu mwenye mabawa hasimamishwi na kizuizi cha barabarani. Ninachodai ni kwamba msimu mmoja wa kujua mapema ni msimu mmoja wa kuandaa maofisa ugani, kuonya wakulima wasinunue sumu isiyofaa, na kutafuta wadudu wanaomla.

Na tulikwisha kuonyesha kwamba tunaweza. Kiwavijeshi wetu wa asili, yule wa siku zote, amefuatiliwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960 kwa mtandao wa mitego ya nondo. Idadi za walionaswa zilikusanywa pamoja na vipimo vya mvua, na kutokana nazo ikatolewa tahadhari ya wapi viwavi wataibuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, wakulima walifundishwa kuutunza mtego wenyewe, kusoma kipimo cha mvua na kutoa utabiri wa kijiji chao. Mkulima wa darasa la saba aliweza kuihesabu nondo ya usiku, akaiandika, akawaambia jirani zake wajiandae. Wale wanaosema kwamba sayansi ya kuhesabu wadudu haiwezi kufanywa na wananchi wa kawaida, naomba wakaulize Kilosa.

Kuna watu wengine waliokuwa wakihesabu bila kuitwa wanasayansi. Tangu mwaka 1993, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, mradi unaoitwa Kipepeo umewawezesha wanavijiji wa Gede na jirani zake kufuga vipepeo na kuuza pupa kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mradi wa namna hiyo ulianzishwa pia Usambara Mashariki. Mfugaji wa vipepeo hujua mambo ambayo hayamo katika vitabu nilivyovitaja: jike wa aina fulani hutaga juu ya mti gani, kiwavi wake huchukua siku ngapi, mwezi gani haonekani kabisa, na mwaka upi alichelewa. Asipojua hayo hali chakula. Mwaka 2016 serikali yetu ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, pupa waliofugwa na akina mama wa Usambara waliingizwa katika kapu moja na tumbili waliokamatwa porini. Sababu ya marufuku ilikuwa na msingi; biashara ile ilikuwa na uoza. Lakini sera isiyotofautisha mnyama aliyeibwa msituni na mdudu aliyelelewa kwenye kibanda cha wavu ni sera iliyoandikwa na mtu asiyemwuliza mfugaji. Kipato kilichopotea kililalamikiwa, na kwa haki. Kilichopotea pamoja nacho hakikulalamikiwa na mtu yeyote: kundi la watu waliokuwa na sababu ya kumtazama kipepeo kila siku ya mwaka.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watanisamehe nikiwagusa moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na majirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 1999 yenye sharti kama hilo. Nimepata kusoma taarifa kadhaa za aina hiyo katika kazi yangu. Sura ya viumbe hai huwa na orodha ya ndege, orodha ya wanyama wakubwa, na kwa wadudu mstari mmoja usemao kwamba wapo wa aina mbalimbali. Mara nyingi wataalamu walikuwa uwandani siku chache, wakati wa kiangazi, ambapo vipepeo wengi ni mayai au pupa. Kisha kwa kuwa hakuna aina adimu iliyoonekana, hitimisho huandikwa kwamba hakuna aina adimu iliyopo. Taarifa inapigwa mhuri, orodha inafungiwa kabatini, na mshauri wa mradi unaofuata, kilomita 10 kutoka hapo, anaanza upya kama aliyeshuka kutoka mwezini.

Kosa hilo lina gharama kubwa zaidi milimani. Chukua vilima vya Taita, nchini Kenya. Vinainuka kutoka nyika kavu ya Tsavo hadi mita 2,208 kwenye kilele cha Vuria, na msitu wa ukungu uliobaki huko juu umekatikakatika katika vipande vidogo kama Ngangao, Mbololo na Chawia. Humo wanaishi vipepeo ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, kama Cymothoe teita. Joto likiongezeka, kipepeo wa Ulaya husogea kaskazini, na mbele yake kuna nchi. Kipepeo wa Taita husogea juu, na juu kuna kilele, na baada ya kilele kuna hewa. Kushuka avuke nyika hadi mlima mwingine ni sawa na kuvuka bahari, tena bila upepo wa kumbeba. Hali ni hiyohiyo kwa Usambara, Uluguru na Udzungwa. Ndiyo maana kwetu habari muhimu inaweza kuwa ndogo mno machoni: kipepeo wa bondeni ameonekana mita 300 juu ya mahali alipozoeleka. Hakuna gazeti litakaloandika. Lakini mtu anayepanga mpaka wa hifadhi, au anayeamua kama shamba la miti ya kigeni lipandwe katikati ya vipande viwili vya msitu wa asili, hiyo ndiyo habari anayoihitaji, tena aipate kabla hajatia saini.

Hapa ingekuwa rahisi kuomba taasisi mpya, yenye bodi, mkurugenzi na gari. Siiombi. Tume yetu ya Sayansi na Teknolojia imekuwa mwenyeji wa mtandao wa takwimu za bayoanuwai uliounganishwa na ule wa dunia, kwa hiyo kapu lipo. Kilichopungua ni mazao ya kutia ndani. Ombi langu la kwanza ni la kiutawala tu: orodha ya viumbe iliyomo katika kila tathmini ya mazingira iwasilishwe pia kama takwimu, ikiwa na tarehe, mahali na jina la aliyeona, kabla cheti hakijatolewa. Mwekezaji amekwisha kuilipia; umma haupaswi kuipoteza. La pili ni kwa vyuo. Kila mwaka tunapeleka maelfu ya wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, na kila mwaka ripoti zao zinaliwa na mchwa. Tuwape njia moja ya kupita na karatasi moja ya kujaza, wanaokuja mwakani waipite njia ileile. La tatu ni kwa wizara inayohusika: wafugaji wa vipepeo watambuliwe kuwa ni wafugaji, wapewe leseni zinazoeleweka, na daftari la kila mfugaji la kutaga na kuanguliwa liwe sehemu ya sharti la leseni.

Kuna tahadhari ambayo wenye simu wanapaswa kuijua. Picha zinazopakiwa mtandaoni hukusanyika palipo na barabara, hoteli za watalii na intaneti, na ramani inayotokana nazo ni ramani ya barabara iliyovaa rangi za vipepeo. Aidha wapo wakusanyaji wanaonunua aina adimu, na kuwatangazia kipande kamili cha msitu anakopatikana kipepeo wa aina moja ni kumfanyia ubaya. Mahali pa namna hiyo paandikwe kwa usahihi katika kumbukumbu za taasisi, na kwa ujumla mbele ya umma.

Muhula huu nimeanza na kidogo kilicho mikononi mwangu. Wanafunzi 14 wa kozi yangu ya takwimu na sera watapita kila Jumamosi, saa nne asubuhi, katika njia ya kilomita moja na nusu inayoanzia nyuma ya maktaba, inapita kwenye bonde la mikarafuu ya zamani na kuishia kwenye uzio. Watahesabu waliomo ndani ya mita tano. Wasiowajua majina watawapiga picha na kuwapa namba. Safu ya mwisho ya karatasi tumeiacha wazi kwa jina la Kiswahili au la lugha ya nyumbani, kama lipo, kwa sababu hadi sasa wengi wao wanawaita wote kipepeo. Mmoja ameniuliza mara mbili kama kazi hii itapewa alama. Itapewa, na siku ya mvua atakayekuja na kuandika “sifuri” atapata alama sawa na aliyeona 60.